Mbao za Kogo: Barua kutoka Bomet



Nyumba tunayokaa hapa Bomet haina jiwe hata moja juu ya msingi wake. Kuta zake ni mbao, tangu boriti ya chini hadi upenuni, nazo zimelazwa kwa kupishana, kila ubao ukifunika ukingo wa juu wa ubao ulio chini yake kwa kadiri ya inchi moja, mithili ya magamba ya samaki. Wengi wenu mmezaliwa, kama sisi, baina ya kuta za matumbawe na chokaa zenye unene wa dhiraa nzima, basi mtatuwia radhi tukieleza mambo ambayo mwenyeji wa huku hana haja ya kuelezwa. Ukuta wetu una unene wa kiganja. Nje ni ubao, ndani ni plaiwudi, na katikati ni nguzo za mti na hewa. Usiku, upepo ukivuka mashamba ya chai, tunausikia ukipita ukutani kana kwamba mtu anakunjua mkeka.

Mji huu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mto Nyangores unapita hapa ukielekea kukutana na Amala kuufanya Mto Mara, na vilima vinavyouzunguka ni vya kijani mwaka mzima kwa sababu mvua haikawii kurudi. Chai huipenda mvua hiyo. Mbao haziipendi. Tena kuna mvua ya mawe, ambayo nchi hii ya Kericho na Bomet huipata kwa wingi kuliko sehemu nyingi za dunia. Ikishuka, mkulima hulia na majani yake na mwenye nyumba huangalia mabati yake. Mara ya kwanza tulipoisikia, wanetu walijificha chini ya meza, na sisi wazazi wao tuliona aibu tu ndiyo inayotuzuia kuwafuata.

Mama yetu alikuja kukaa nasi mwaka juzi, baada ya kufiwa na dada yake waliyekuwa wakiishi pamoja Mombasa, Mji wa Kale. Tulimpa chumba cha pembeni, kwa kuwa kina dirisha la kuelekea bustani na kiko karibu na maliwato. Baada ya msimu mmoja wa mvua akaanza kukohoa. Kwanza tulisema ni baridi, kisha tukasema ni vumbi la kuni. Daktari aliyemwona alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia: ukuta alioegemea kitanda chake una hali gani?

Tulirudi tukakivuta kitanda. Plaiwudi ilikuwa imefanya mawimbi karibu na sakafu, na nyuma ya mto kulikuwa na ukungu mweusi uliotawanyika kama wino uliomwagika. Tulipobonyeza kwa kidole gumba, kidole kilizama. Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba mtu mwenye kifua cha namna ile asilale mahali penye unyevu na kuvu, na kwamba dawa itamsaidia kidogo tu iwapo chumba kitabaki kilivyo. Usiku ule mama alilala sebuleni. Alilalamika kuwa tunamfanya mgeni.

Hapo ndipo shauri lilipoanza, na mashauri yalikuwa mengi kuliko fedha.

Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi alikuja na mfano wa mabamba ya plastiki mikononi, meupe, yanayong'aa, yenye kuingiliana ulimi kwa mfereji. Alisema yapigiliwe juu ya mbao za zamani, upande wa nje wote, kazi ya siku mbili, na nyumba itaonekana mpya kama ya jijini. Bei yake haikuwa mbaya. Tukamwuliza: na zile zilizooza? Akajibu kwamba hazitaonekana.

Katika mji tuliotoka, ndugu wasomaji, tumewahi kuliona jibu hilo likitendwa kwa saruji. Nyumba ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukuta wake ni mzito lakini unapumua. Akija fundi wa haraka akaupiga lipu ya saruji ili upendeze, maji yaliyokuwa yakitoka hukosa njia. Chumvi huvimba ndani, lipu hubambuka vipande vipande, na nyuma yake chokaa imegeuka unga. Wanaohifadhi majumba ya Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja wamelisema hili kwa miaka mingi, nao husisitiza kwamba ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa. Kwa hiyo neno la "hazitaonekana" lilitukuta tukiwa na kinga.

Hata hivyo hatukutaka kuidhulumu plastiki bila kuijua, tukampigia simu mjomba aliyeko Minneapolis, ambaye nyumba yake imevikwa mbao za plastiki nje nzima kama nyumba nyingi za Marekani. Mjomba ni mtu wa maneno mengi, na safari hii tulimshukuru kwa hilo. Alitueleza kwamba kule plastiki hiyo haigandamizwi ukutani, inaning'inizwa. Kila ubao una ukanda wa matundu marefu juu yake, na msumari hupigwa katikati ya tundu bila kukazwa mpaka mwisho, ili ubao uweze kwenda huku na huku. Bamba la futi 12 hurefuka kwa karibu nusu inchi baina ya baridi kali na jua la kiangazi, na likibanwa hujikunja. Chini ya kila ubao kuna vitundu vya kutolea maji, na nyuma yake kuna karatasi maalumu inayoukinga ukuta wenyewe. Yaani wenye kuibuni walijua maji yataingia, wakayaandalia mlango wa kutokea. "Hayo mabamba mliyoletewa," akauliza, "yana vitundu?" Hayakuwa navyo. Yalikuwa mabamba ya kupambia dari ndani ya nyumba, ambayo hayakutengenezwa kustahimili jua wala mvua.

Kisha akatufundisha namna ya kutia kiraka, na hapa ndipo alipotusaidia zaidi ya alivyokusudia. Ubao wa plastiki ukipasuka, alisema, mara nyingi kwa mvua ya mawe au mpira wa watoto wakati wa baridi kali plastiki inapokuwa dhaifu kama kioo, huwezi kuutoa kwa kuuvuta wenyewe. Unaanza na ule wa juu yake. Kuna chuma kidogo chenye ndoana kinachopenyezwa chini ya ukingo wa ubao wa juu, kikavutwa na kutelezeshwa hadi ukingo uachie. Ndipo unapouinua, ukaifikia misumari ya ule uliovunjika. Na kwa kuwa rangi ya plastiki hupauka kwa jua, ubao mpya huonekana kama jino la dhahabu. Mtu mwenye busara huchukua ubao mzee kutoka nyuma ya nyumba, akautia mbele palipovunjika, na ule mpya akaupeleka nyuma ambako hakuna anayetazama.

Mama, aliyekuwa akisikiliza, alisema: "Hiyo ni kama kuezua makuti." Na ndivyo. Kuti likitoboka katikati ya paa, huliingizi kwa kulisukuma kutoka chini. Unainua yale ya juu yake, ukalichomeka, ukayashusha yalifunike. Chochote kinachopishana ili kumwaga maji, kiwe kuti, ubao au plastiki ya Marekani, hutengenezwa kuanzia juu.

Lakini mbao hazikuwa zetu. Ni za Kogo.

Kogo kwa Kikipsigis ni nyanya, na ndivyo tunavyomwita mwenye nyumba, kama kila mtu hapa mtaani. Anakaa hatua mia moja kutoka kwetu, katika nyumba ya mawe aliyojengewa na wanawe. Hii ya mbao ilijengwa na marehemu mumewe alipoacha kazi ya mashamba ya chai, kwa saipresi alizozipanda mwenyewe, akazikata, akazipeleka kupasuliwa, akazianika mwaka mzima kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Kogo alipotusikia tukitaja kung'oa, alinyamaza. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake kilicho safi kuliko anavyodai: "Wanangu, chumba kingine kipo. Mama yenu alale huko. Hizi mbao alizipiga baba ya watoto wangu, na huu uso wa nyumba ndio ninaoutazama nikitoka mlangoni asubuhi."

Hatukubishana naye. Mtu wa pwani aliyelelewa vyema hajibizani na mjane juu ya kazi ya mikono ya mumewe. Tulimwomba tu aje akione chumba. Alikuja jioni, akiwa na kibuyu cha mursik kwa ajili ya mama, maziwa yao yaliyoganda yenye harufu ya mkaa, ambayo mama ameyazoea kiasi cha kuyasifu mbele ya wageni. (Faraghani husema mtindi wa kwao haukuhitaji kuungua.) Kogo aliinama, akauona ukungu, akaubonyeza ukuta kwa kidole kama sisi. Alikaa kitandani kando ya mama muda mrefu. Wakazungumza mambo ya vifua na ya waume. Alipoinuka alisema tung'oe, kwa sharti mbili: kila ubao ulio mzima urudi ukutani, na uso wa mbele usibadilike.

Tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili. Mbao na misumari ingekatwa katika kodi. Ujira wa fundi ungekuwa juu yetu. Tunawashauri mlio wapangaji mfanye hivyo hata kwa mtu mnayempenda, na hasa kwa mtu mnayempenda.

Kazi tuliifanya Januari, mwezi ambao mvua huku hupungua. Fundi tuliyempata ni mzee wa hapa hapa, mpole wa maneno. Alipofika hakugusa ukuta. Aliomba ngazi, akapanda upenuni, akakaa huko nusu saa. Aliposhuka alituonyesha kwa kidole safari nzima ya maji: mlizamu uliokuwa umetobolewa na kutu kwenye pembe, maji yakishuka nyuma ya ubao wa juu kabisa, yakiteremka gizani kati ya ubao na plaiwudi kwa miaka, yakijikusanya juu ya boriti ya chini, ambayo ililala moja kwa moja juu ya saruji. Kwa nje rangi ilikuwa ikishikilia umbo la ubao uliokwisha kufa ndani. "Nikianza chini," alisema, "mwakani mtaniita tena." Alitengeneza mlizamu kwanza. Siku nzima ya kwanza ya ujira wetu ilikwenda kwenye mlizamu.

Siku ya pili alianza kubandua. Aligonga kabari nyembamba chini ya ukingo wa ubao, polepole, akisikiliza. Palipofunguka upenyo alipitisha wembe wa msumeno wa chuma, ameuzungushia kitambaa kwa ajili ya kiganja chake, akaikata misumari kwa ndani bila kuung'oa ubao kwa nguvu. Maana kila ubao unashikwa mara mbili: kwa misumari yake mwenyewe chini, na kwa ile ya jirani yake wa juu inayougusa ukingoni. Ukivuta kwa hamaki, unaupasua ule mzima ili kuutoa mbovu. Kijana wake mmoja alitaka kutumia mtaimbo; mzee alimtazama tu, na mtaimbo ukarudi chini.

Ubao wa nne ulipogeuzwa, tuliona maandishi. Mgongoni kulikuwa na nambari kwa penseli ya fundi, kubwa, ya mkono usio na haraka. Kila ubao ulikuwa na yake, kwa utaratibu kutoka chini kwenda juu, na mbao ndefu zilikuwa na mshale wa kuonyesha upande wa mlango. Marehemu alikuwa amezipanga chini kwanza, akazipa nambari, ndipo akapiga. Tulimwita Kogo. Aliitambua saba kwa mkia wake. Hakulia, wala hatutaki kuwasimulia kana kwamba alilia. Alisema tu kwamba hata barua za ada ya shule aliandika saba namna ile, na mwalimu mmoja alikuwa akiisoma kama moja.

Tangu hapo kazi ilikwenda kwa nambari. Katika ukuta wa mbele mbao nane zilikuwa na dosari. Tano kati yake zilioza ncha tu, upande wa pembeni. Hizo fundi alizikata mahali palipo na nguzo nyuma, ili kiungo kiwe na cha kuegemea, na alikata kwa mshazari ili mvua isipate mlango ulionyooka. Viungo havikupangana juu kwa juu. Kila kimoja kilisogezwa nguzo moja kando. Kila ncha iliyokatwa ilipakwa rangi kabla ya kupigiliwa, kwa sababu mti hunywa maji kwa ncha kuliko kwa ubavu. Jambo hili la mwisho mafundi wa majahazi wa Matondoni wasingehitaji kuambiwa. Ila wao hukalafati, huzijaza nyufa kwa pamba na mafuta hadi maji yasipate pa kupita. Fundi wetu tulipomwuliza kama atajaza nafasi za mpishano, alitikisa kichwa: chombo kinakaa ndani ya maji, nyumba inakaa ndani ya hewa, ukiziba, unyevu wa ndani utatokea wapi?

Zilibaki tatu ambazo hazikufaa hata kwa kiraka, na hapa maneno ya mjomba yalipata kazi. Tulimweleza fundi habari za Minneapolis, akacheka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kupima. Upande wa jikoni, unaoelekea zizi la zamani, mbao zilikuwa za upana ule ule na zimepauka kwa miaka ile ile. Alizitoa tatu za huko, nzima, akazileta mbele. Zile mpya zilikwenda jikoni. Kuzipata hakukuwa rahisi wala nafuu. Bei ya mbao ilipanda tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na ijapokuwa marufuku hiyo iliondolewa Julai 2023, bei haikukumbuka kushuka. Tulizipata kwa mkulima wa upande wa Silibwet, saipresi ya shambani kwake, nazo tulizianika kwa wiki tatu chini ya upenu kabla ya kuzitumia.

Boriti ya chini ilikuwa kazi ya kiume. Kipande cha futi saba kilikuwa kimegeuka kama keki iliyolowa. Fundi aliinua kiunzi kwa jeki ya gari, unywele kwa unywele, mlango wa chumba cha mama ukilia kwa kila mzunguko. Akakata miguu ya nguzo mbili iliyooza, akaiunga, akatandika karatasi ya lami juu ya saruji, kisha akalaza boriti mpya. Bila ile karatasi, alisema, saruji ingempa mti kunywa tena usiku na mchana. Ndani tulitia plaiwudi mpya, tukaiinua vidole viwili kutoka sakafuni, na kitanda hakiegemezwi tena ukutani.

Kogo alikuja siku ya mwisho kabla ya Magharibi, akasimama mlangoni pake, kisha akatembea hadi kwetu akihesabu kwa midomo. Alisimama kwenye moja ya zile tatu zilizotoka nyuma, akautazama sana, akaupapasa. "Huu ulikuwa jikoni," alisema. "Una alama ya sufuria." Tulingoja. Akasema uache hapo ulipo.

Ubao wa saba ulikuwa miongoni mwa ile mitatu iliyokataa kupona. Fundi aliokoa futi mbili zake, zenye nambari, akazipiga randa upande mmoja tu. Sasa ni rafu nyumbani kwa Kogo, na juu yake vimepangwa vibuyu vya mursik.

Mama amerudi chumbani kwake. Kikohozi cha usiku kimepungua, ingawa cha alfajiri bado kipo, na daktari ametaka amwone tena baada ya mvua ndefu. Ukuta wa kaskazini haujafunguliwa. Fundi aliugonga kwa fundo la kidole toka mwanzo hadi mwisho, akachora misalaba miwili kwa chaki, na tumekubaliana naye Januari ijayo, Inshallah. Mpaka hapo, kila Jumamosi mmoja wetu hupanda ngazi kutoa majani ya mikaratusi ndani ya mlizamu.